Matundu Arobaini

Utamsikia kabla ya kumwona. Ukitoka soko la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, na kushuka ile njia ya mawe, nyundo zinalia kila upande: za wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi, za wanaokunja mabeseni, za wanaonyoosha manjanja, yaani mabati, yaliyopindwa na upepo ili yakaezeke nyumba nyingine. Lakini mlio wake una mwendo wake. Tatu za haraka, moja nzito. Tatu za haraka, moja nzito. Zile tatu zinaikalisha tindo mahali pake. Ile moja inatoboa.

Siku niliyosimama mbele ya kibanda chake kwa mara ya kwanza alikuwa kwenye tundu la kumi na saba. Nilijua kwa sababu alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali rozari. Bamba refu la chuma lilikuwa limelala juu ya fuawe. Kila baada ya tundu alilipindua, akapitisha kidole gumba ukingoni, akaigonga ile midomo mikali ya chuma mpaka ikalala, kisha akalichungulia jua kupitia tunduni. Alipomaliza la arobaini ndipo alipoinua kichwa. "Karibu, mama. Unisamehe. Nikikatizwa katikati napoteza nafasi."

Shida iliyonipeleka kwake ilikuwa moshi.

Miezi michache nyuma tulikuwa na kilio nyumbani. Bukavu kilio hakifanyiki ndani, watu hawaenei. Wanaume na wanawake wanakaa uani, kwenye parseli, usiku kucha, na katikati yao panawashwa moto wa kuni. Moto huo hauivishi kitu. Unawakusanya watu, unawapa pa kutazama maneno yanapokwisha, na unazuia baridi, maana mji wetu umekaa juu: Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na nyumba nyingi zimepanda vilima juu yake. Shangazi yangu, aliyelelewa na marehemu, alikaa mausiku matatu kando ya moto ule. Kifua chake si kizima. Moshi ukimjia, anainuka, anabeba kiti, anahamia upande wa pili. Baada ya muda moshi nao unahama. Anainuka tena. Asubuhi ya tatu nilipofagia ua nilikuta alama za miguu ya kiti chake zimezunguka majivu kama nyayo za mtu aliyekuwa akitafuta mlango.

Nilimsimulia fundi habari hiyo. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema: "Moto unavuta hewa pande zote. Mtu akikaa karibu, ameziba upande mmoja. Hewa inaingia kwa nguvu nyuma yake na mbele yake inakosekana, basi moshi unamwangukia yeye. Shangazi alikuwa anauvuta moshi kwa kukaa kwake tu." Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Lakini mama, moshi si uchafu wa moto. Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua."

Aliona kwamba nimelisikia bila kuliona. Akachukua mshumaa, akauwasha, akaungoja utulie. Halafu akauzima kwa pumzi. Uzi mweupe wa moshi ukapanda kutoka kwenye utambi. Akawasha kiberiti, akakishika juu, mbali na utambi kwa urefu wa kidole, ndani ya ule uzi wa moshi. Moto ukaruka. Ukashuka kwa kufuata moshi, haraka kuliko jicho, na mshumaa ukawaka tena bila kuguswa. Alirudia mara ya pili ili nisidhani ni bahati. Nina miaka mingi ya kupika, nimepuliza mafiga tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba kile kilichokuwa kinaniliza machozi kilikuwa chakula cha moto, kinachopita mbele ya mdomo wake bila kuliwa.

Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Ukuni ukipata joto la nyuzi 200 au 300 hivi za Selsiasi, haujawaka bado. Unaanza kutoa gesi na matone madogo ya lami. Mvuke huo ndio unaowaka na kuwa ndimi za moto, lakini unahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: joto kubwa, la nyuzi 600 hivi au zaidi, na hewa mpya. Kwenye mafiga matatu vitu hivyo havikutani. Pale penye joto, katikati ya moto, hewa imekwisha kutumika. Pale penye hewa, juu na kando, joto limekwisha kupotea. Mvuke unapita katikati ya hivyo viwili na kutoka ukiwa moshi. Kazi ya fundi ni kuvikutanisha.

Anavikutanisha kwa kuta mbili. Anachukua pipa la chuma la lita 200, lile lililoleta mafuta, na kulikata likabaki fupi, la urefu wa goti. Huo ni ukuta wa nje. Kwa ukuta wa ndani anakata pipa lingine, analipasua toka juu hadi chini, na kuondoa ukanda mmoja wa sentimita 25. Anapolikunja tena na kuunga kingo zake, limekuwa jembamba kuliko la kwanza. Nilimwomba anieleze hesabu hiyo, maana yeye haandiki. Alinyoosha uzi kuzunguka pipa la nje: sentimita 180. Akanyoosha kuzunguka la ndani: 155. Nilipogawa nyumbani kwa njia ya shule, niliona kwamba kipenyo kimepungua sentimita 8, yaani kati ya kuta hizo mbili panabaki sentimita 4 kila upande. Yeye alikuwa amekwisha nionyesha jibu: alitia vidole viwili katikati ya kuta na kuvizungusha pipa zima bila kukwama popote. "Vidole viwili," akasema. "Vikikwama mahali, hapo moto utakuwa na kilema."

Chini ya ukuta wa nje anatoboa matundu makubwa, hewa iingie. Sehemu ya hewa hiyo inapita chini ya wavu wa nondo na kulisha makaa. Sehemu nyingine inapanda kati ya kuta mbili. Ukuta wa ndani umekuwa mwekundu kwa moto, kwa hiyo hewa inayopanda mgongoni mwake inapata joto njiani. Juu kabisa fundi ameziba pengo kwa pete ya chuma, ili hewa isitoroke. Haina njia isipokuwa yale matundu madogo arobaini yaliyozunguka shingo ya ukuta wa ndani. Inatoka humo ikiwa moto na ikiwa safi, na inakutana na moshi pale pale unapotaka kuondoka. Joto lipo, hewa ipo. Moshi unawaka.

Kwa nini arobaini? Nilidhani kuna siri. Alitia vidole viwili kwenye bamba, akaweka alama. Akahamisha, akaweka alama. Vidole viwili vyake havifiki sentimita 4 kamili, na mzingo wa 155 ukigawanywa hivyo unatoa arobaini, na ziada kidogo inayomezwa na pindo. Kijana anayejifunza kwake, aliyekuwa akipaka grisi kwenye mkasi wa bati, alisema kutoka pembeni: "Siku za mwizi ni arobaini, mama. Na mwizi ni moshi." Fundi alitabasamu, na nikaona kwamba neno hilo lilikuwa lake kabla halijawa la kijana.

Lakini upana wa tundu haukupatikana kwa vidole. Ulipatikana kwa kukosea. Pipa la kwanza alilotengeneza lilikuwa na matundu ya ncha ya msumari, na ndimi za moto hazikutoka. Akayapanua, zikatoka tatu upande mmoja. Akapanua tena mpaka upana wa kalamu ya risasi, na duara zima likawaka. Mimi naamini urefu wa mji wetu una mkono wake hapa. Hewa ya Bukavu ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo maana maji kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95, na maharagi yanatuchelewesha. Moto nao unakula hewa hiyo hiyo, basi unahitaji mlango mpana zaidi. Fundi hajawahi kusoma jambo hilo. Aliuliza moto, ukamjibu.

Nimekaa kwenye kibanda chake asubuhi nne kwa jumla, na kila mara nimeona jambo ambalo macho ya mnunuzi hayalioni. Pipa lililoleta mafuta halikatwi likiwa limefika tu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja ya tindo. Analiosha, analijaza maji, analiacha, analimwaga, na bado analinusa kabla ya kuligusa. Pipa lililobeba dawa za viwandani halipokei kabisa, hata akipewa bure. Na manjanja hatumii kwa ukuta wa ndani, ingawa ni rahisi kukunja na yanang'aa kumvutia mteja. Bati hilo limevikwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke unaomtia mtu homa na kifua. Bati la namna hiyo analitumia kwa kishikio au kwa beseni la majivu lililo mbali na moto. Mafundi wengine wanaona hayo ni kupoteza wakati. Yeye anasema aliyenunua hatarudi kumshukuru kwa homa asiyoipata, lakini ndivyo kazi ilivyo.

Ufundi huu haukuanzia kwake, naye anajua. Unatoka mbali na umepita mikono mingi, mingi ikiwa ya eneo letu hili. Mwanzo ni mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, na kwa karne nyingi mawe matatu yametutosha, kwa sababu yanapatikana popote na hayaulizi bei. Halafu ikaja mbabula, jiko la makala, yaani mkaa, ambayo ndiyo sauti ya jioni ya mji huu: unasikia vipepeo kila mlango. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na katika miaka iliyofuata Wakenya, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, walichukua wazo la ndoo ya kupikia ya Thailand na kulifanya la kwao: bati lililobanwa kiunoni, na ndani yake bitana ya udongo wa kuchoma inayoshika joto. Mafundi wa Shauri Moyo, huko Nairobi, walilifua umbo hilo kwa maelfu, na leo jiko la namna hiyo linatambulika Afrika Mashariki nzima. Majirani zetu wa Rwanda huita jiko lao la kubana kuni rondereza, jina linalomaanisha kutumia kwa kiasi. Upande wetu, kule Goma, mradi wa WWF ulieneza jiko walilolipa jina la Kiswahili: Jiko Nguvu.

Upande wa kuni zenyewe kuna majina mawili ambayo kila anayefua jiko la namna hii anawiwa nayo, hata kama hajayasikia. Larry Winiarski, Mmarekani wa Oregon, katika miaka ya 1980 alipanga kanuni za jiko lenye chumba kidogo cha moto na koo fupi linalosimama wima, ambamo moshi unawaka kabla ya kufika kwenye sufuria. Na Paal Wendelbo, Mnorwe aliyefanya kazi Uganda, alitengeneza jiko linalowashwa kutoka juu, lenye hewa ya pili inayoingia karibu na mdomo. Lilipewa jina la Kiacholi, Peko Pe, yaani hakuna shida. Leo Wamarekani wananunua mapipa ya chuma cha pua kwa ajili ya kukaa uani jioni, kama yale ya Solo Stove, na ukiyapasua utakuta ndani yake jambo lile lile: kuta mbili, hewa chini, matundu juu. Tofauti ni kwamba lao linatoka kiwandani, na letu linatoka kwenye pipa lililoleta mafuta.

Atakaye kuchagua moto wa namna hii kwa ajili ya ua wake, na ashike mambo machache niliyofundishwa. Kwanza, aingize vidole kati ya kuta na kuvizungusha. Pengo likiwa jembamba mahali fulani, upande huo utafuka. Pili, atazame pete ya juu dhidi ya jua. Mwanga ukipenya kwenye muungo, hewa nayo itapenya huko badala ya kupitia matunduni. Tatu, aguse matundu kwa ndani. Midomo mikali inaonyesha fundi aliyeharakisha, na masizi yatashika hapo kwanza na kuyaziba. Nne, aliinue. Chuma chepesi mno kitaliwa na moto kabla msimu wa pili wa mvua haujaisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua mahali pengine pipa la ukuta mmoja, jembamba kama sahani, na chini yake palitoboka kabla ya Krismasi. Tano, liwe na miguu, hewa ipite chini na udongo usiungue. Na sita, ukubwa ufuate watu. Moto wa watu sita ndani ya pipa la watu ishirini hautapata joto la kutosha kula moshi wake. Utafuka kama mafiga, na mwenye nyumba atamlaumu fundi bure.

Asiye na fedha za pipa hajafungiwa mlango. Udongo wetu mwekundu unashikana vizuri. Chimba shimo la kina cha mkono, kisha chimba jingine hatua moja kutoka hapo, upande upepo unakotoka, na uyaunganishe kwa tobo chini kwa chini. Moto unakaa kwenye la kwanza, hewa inaingia kwa la pili. Halina hewa ya pili iliyopata joto, kwa hiyo si sawa na kuta mbili, lakini linafuka kidogo kuliko mawe matatu, na ukimaliza unalifukia, ua unabaki ua.

Kisha kuna nusu ya pili ya ufundi, na hiyo si ya fundi tena. Ni ya mwenye kuwasha.

Pipa zuri kuliko yote halitamshinda mtu aliyeleta kuni mbichi. Ukuni uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Maji hayo yote lazima yachemke na kuondoka kabla ukuni haujapata joto la kuwaka, na joto la kuyachemsha linaibwa kwenye moto ule ule unaotaka uwe mkali. Kwa hiyo kuni za Desemba zinapasuliwa Juni. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati vumbi jekundu linapanda hadi kwenye majani ya parachichi, mimi napanga kalitusi chini ya upenu wa manjanja, zimepishana ili upepo upite katikati. Nimejifunza kuzisikiliza. Gonga vipande viwili: kikavu kinalia wazi, kama mti wa marimba, kibichi kinajibu kwa sauti iliyozibwa. Kikavu kinapasuka nyufa kichwani, na gome linaachia ukilivuta kwa ukucha. Unene wa kifundo cha mkono unatosha. Gogo nene linafuka kwa sababu katikati yake bado ni baridi wakati nje yake inaungua.

Kuwasha nako ni kinyume cha nilivyofundishwa na mama. Yeye aliweka vijiti chini na kuni nene juu, naye hakukosea, maana alikuwa na mafiga. Kwenye pipa la kuta mbili kuni nene zinalala chini, za kadiri juu yake, na vijiti na maganda makavu juu kabisa. Unawasha juu. Moto unashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi, na moshi wa kila safu ya chini unalazimika kupita ndani ya ndimi za moto zilizo juu yake. Dakika kumi za kwanza zitafuka kidogo, kwa sababu chuma bado ni baridi. Usiongeze kitu. Usipulize. Ngoja. Kutakuwa na wakati utaona ndimi ndogo zikichungulia kwenye matundu, moja, halafu tatu, halafu duara zima, kana kwamba kila tundu ni bomba la gesi. Hapo moshi unakatika. Inua macho juu ya pipa: hewa inatetemeka, nyota zinacheza nyuma yake, lakini hakuna kinachofuka.

Kuanzia hapo sheria ni moja: kuni zisipande juu ya mstari wa matundu. Ukijaza hadi mdomoni, moshi unazaliwa juu ya hewa iliyokuja kuula. Ongeza kimoja kimoja, kila kilichotangulia kikishika. Usitupe plastiki, usitupe raba, usitupe mbao zilizopakwa rangi. Moto safi hausafishi sumu. Weka pipa mbali na kuta na kamba za nguo. Bukavu tumeona moto ukila nyumba nyingi za mbao zilizobanana, hasa Kadutu, basi ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zikae karibu kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Na jambo la mwisho nalisema kwa uzito, kwa sababu uzuri wa moto huu unaweza kumdanganya mtu: kutokuwa na moshi si kutokuwa na hatari. Makaa yanayofifia yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Pipa hili ni la uani. Mvua ikija, tunaliacha liloe, tunaingia ndani sisi.

Asubuhi nakuta majivu machache na vipande vya makala. Makala yanakwenda kwenye mbabula, majivu yanakwenda shambani. Vipande hivyo navithamini kwa sababu najua asili ya gunia la makala. Kwenye tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni zinatoa kati ya kilo 10 na 20 za makala. Mengine yanapotea porini kama mvuke na moshi, ule ule moshi ambao ni kuni zisizomaliza kuungua. Na sehemu ya magunia yanayoingia mji huu inatoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970, ikaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kutoka uani kwangu, siku hewa ikiwa safi, namwona Kahuzi mwenyewe, mlima wa mita 3,308, amekaa kaskazini-magharibi. Sisemi kwamba pipa moja litaokoa mlima. Nasema kwamba mtu aliyekaa chini kutoboa matundu arobaini kwa uangalifu amekataa kuupoteza mti hata kidogo, na mimi sijui namna nyingine ya kuuheshimu mti uliokwisha katwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2. Ni hesabu kubwa, haiingii kichwani. Mimi naingiwa na hesabu ya kifua kimoja.

Mwezi wa nane tulimaliza matanga. Shangazi alikuja na shuka lake na kiti chake kile cha mbao. Nilikuwa nimewasha mapema, pipa la fundi likawa limekwisha pata joto, duara lote likiwaka. Alikaa, akajitanda, akangoja moshi kwa namna ya mtu aliyezoea kupigwa. Haukuja. Baada ya muda alilegeza mabega. Akaanza habari ya marehemu alipokuwa kijana, walivyovuka ziwa kwenda Idjwi kwa mtumbwi usiku wenye mawimbi, na nani alitapika, na nani aliimba. Ilikuwa habari ndefu. Wakati wa kilio alikuwa ameianza mara tatu, na mara tatu kikohozi kilimkatiza. Usiku huo alifika nayo mpaka ng'ambo, mpaka wakashuka, mpaka wakafungua mlango wa nyumba waliyokuwa wakiiendea. Hakuna aliyeinuka kabla hajamaliza.

Asubuhi nilifagia ua. Upande wa mashariki wa pipa nilikuta alama nne za miguu ya kiti chake zimezama ardhini, mahali pamoja tu. Nilizizungushia ufagio, nikaziacha.